Wanyama saba hawatoshi: utajuaje kama risasi ya kuwindia inaaminika?

"Shikamoo mwalimu. Huu ni mwaka wangu wa tano wa kuwinda, na wanyama wangu wengi wamekuwa wa umbo la kati. Msimu uliopita nilimpiga pofu dume (yule swala mkubwa kuliko wote) begani kwa bunduki ya .300 magnum, kichwa cha risasi cha greini 180, yaani gramu 12 hivi, kama hatua hamsini hivi. Alitikisika, akakimbia. Tulimfuata karibu saa nzima ndipo nikapata nafasi ya kumpiga tena. Wakati wa kuchuna tulikuta gamba tupu la shaba limenasa kwenye mfupa wa bega, vipande vya madini ya risasi vimetapakaa nyamani, na pafu moja tu limechanika, tena kidogo. Risasi hiyohiyo ilikuwa imenipatia wanyama wengi wadogo bila tatizo lolote. Msimu ujao nina kibali cha nyati, na nimeshanunua bunduki ya .375. Rafiki yangu anasifu aina moja ya risasi: amepiga nayo wanyama saba na wote wamelala. Mwingine ananionyesha majedwali ya jouli, yaani nishati ya risasi. Wa tatu ana mkebe uliojaa vichwa vilivyofunguka kama uyoga, anasema ushahidi ndio huo. Nimsikilize yupi? Mtu anajuaje kwamba risasi haitamgeuka siku atakapoihitaji kuliko siku zote?"

Marahaba, ndugu yangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kila mara nimekwama kwenye ile saa nzima ya kumfuata pofu aliyejeruhiwa. Umeiandika kwa sentensi moja, lakini najua ilikuwa ndefu kiasi gani, na najua ndiyo iliyokufanya uulize. Umefanya vizuri kuuliza kabla ya nyati na si baada yake.

Nikilielewa sawasawa swali lako, hutaki nikutajie risasi iliyo bora. Unataka kujua ni ushahidi wa aina gani unaotosha kuiamini risasi. Rafiki zako watatu wamekupa aina tatu za ushahidi, na hakuna anayekudanganya. Ila kila mmoja ameshika kipande kidogo kuliko anavyodhani.

Tuanze na pofu, maana nusu ya jibu lako imelala pale begani. Kichwa cha kawaida cha risasi ni gamba jembamba la shaba lililojazwa madini ya risasi. Vitu hivyo viwili havikuunganishwa; vimeshikana kwa kubanana tu. Kinapomgonga mnyama, nyama na maji yaliyomo mwilini hukizuia kwa mbele, na kizuizi hicho ndicho kinachoikunja ncha kurudi nyuma mpaka ifunguke. Ukali wa kizuizi hupanda kwa mraba wa kasi. Ongeza kasi kwa robo moja, mkandamizo kwenye ncha unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Hatua hamsini kutoka kwenye mdomo wa .300 magnum, kichwa chako kilikuwa bado kinakwenda zaidi ya mita 850 kwa sekunde. Kingesafiri mita 300 kingekuwa kimeshuka hadi mita 700 na ushee. Kwa hiyo ulipompiga pofu karibu vile, ulikipa kichwa kile kazi ngumu kuliko zote: kasi ya juu kabisa, ngozi nene, misuli minene, halafu mfupa wa bega la mnyama anayeweza kupita kilo 700. Kilifunguka upesi mno, gamba likachanika, madini yakachomoka, na kila kipande kikawa chepesi kiasi cha kusimama pale pale.

Wawindaji wengi huamini kwamba kupiga karibu ni rahisi kwa risasi. Ni rahisi kwa anayelenga. Kwa kichwa cha risasi, karibu ndiko kwenye mtihani wa kuvunjika, na mbali ndiko kwenye mtihani wa kutofunguka. Ukisikia mtu anasema risasi yake haijawahi kumwangusha, swali la kwanza la kumuuliza ni umbali. Kama wanyama wake wote aliwapiga kati ya mita 120 na 200, basi ameijaribu risasi pale inapojisikia nyumbani. Mtihani wenyewe hajaufikia.

Wanyama wako wadogo hawakukudanganya, nao. Kichwa kinachofunguka haraka kinafaa kwa swala mwembamba, kwa kuwa kinapaswa kufanya kazi yake ndani ya sentimita 20 au 25 za kifua. Sifa hiyohiyo ndiyo iliyogeuka kuwa kasoro kwenye pofu. Risasi ileile, mnyama mwingine, matokeo mengine. Ndiyo maana mimi sipendi kusema "risasi hii inaaminika" nikaishia hapo. Inaaminika kwa mnyama gani, kwa kasi gani, kwa pembe gani? Bila hayo matatu sentensi haijakamilika.

Sasa majedwali ya jouli. Pofu wako alipokea takriban jouli 4,200, kiasi ambacho kwenye karatasi kinatosha mara kadhaa. Zilikwenda wapi? Zilimalizika ndani ya ngozi, nyama ya bega na mfupa, kabla ya kufika palipo na uhai. Jouli zinakuambia kichwa kimebeba kiasi gani mlangoni, hazikuambii kitautua mzigo wapi. Mnyama hufa kwa sababu damu imeacha kufika kwenye ubongo, au kwa sababu ubongo au uti wa mgongo umeharibiwa. Kwa hiyo kinachotakiwa ni njia iliyonyooka, yenye kina cha kutosha kupita kwenye mapafu yote mawili, moyo, au mishipa mikubwa iliyo juu yake, na yenye upana wa kutosha kuvujisha damu upesi. Kina kwanza, upana baadaye. Upana usiofika ndani haumsaidii mtu, wala haumsaidii mnyama.

Na viwili hivyo vinagombana. Kichwa kikifunguka hadi kipenyo chake kiwe mara mbili, uso wake unakuwa mara nne, na nyama inakizuia kwa kadiri hiyo. Ndipo linapotokea jambo linalowashangaza wengi: risasi laini ikiongezwa kasi, mara nyingi huingia kina kifupi zaidi, kwa kuwa imefunguka zaidi. Kinachorudisha kina ni uzito uliobaki nyuma ya ule uso. Vichwa vya kawaida visivyounganishwa hubaki na karibu nusu ya uzito wao baada ya kugonga kwa kasi kubwa, wakati mwingine pungufu. Vile vilivyounganishwa gamba na kiini kwa joto hubaki na asilimia 80 hadi 90 na zaidi. Vya shaba tupu, visivyo na madini ya risasi ndani, hubaki na karibu uzito wote. (Kiswahili chetu kiliiita risasi kwa jina la madini yake; leo kuna risasi nyingi zisizo na risasi ndani.)

Tatizo hili si geni. Mmarekani John Nosler alianza kutengeneza kichwa chenye ukuta wa shaba katikati baada ya safari ya kuwinda ya mwaka 1946 huko British Columbia, ambako vichwa vya .300 Holland & Holland vilifunguka mapema mno kwa mnyama mkubwa mwenye ngozi iliyoganda tope. Nusu ya mbele inafunguka na inaweza kuvunjika, nusu ya nyuma imefungiwa na inaendelea mbele. Kimeuzwa tangu 1948 na bado kipo. Alichokutana nacho yeye ndicho ulichokutana nacho wewe begani kwa pofu.

Kuna hoja nyingine utakayoisikia mapema tu ukitaja nyati: kwamba Mskoti W.D.M. Bell aliwaua tembo mamia kwa mamia kwa bunduki ndogo ya 7 mm, kwa hiyo haya mambo ya kaliba, yaani kipenyo cha risasi, ni porojo. Ni kweli alitumia 7 mm. Lakini Bell alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno ili ajue ubongo ulipo kwa kila pembe, na alitumia vichwa vigumu visivyofunguka, virefu, vya greini 173. Ukigawa uzito wa kichwa kwa mraba wa kipenyo chake, kile cha 7 mm cha greini 173 kinakaribia kabisa kulingana na kichwa cha .375 cha greini 300. Hakuwa na risasi dhaifu hata kidogo. Alikuwa na sindano ndefu isiyopinda, na alijua pa kuichoma. Anayenukuu kaliba yake na kuacha mafuvu yake amenukuu nusu ya habari.

Tuje kwa rafiki wa wanyama saba. Hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko penginepo, kwa kuwa watu wazima, waaminifu, wenye uzoefu, wanateleza hapa kila siku. Chukulia kuna risasi inayoshindwa mara moja katika kila wanyama kumi. Kwangu mimi hiyo ni mbaya sana kwa nyati. Wape wawindaji wengi risasi hiyo, kila mmoja apige wanyama saba. Karibu nusu yao, asilimia 48, watamaliza wanyama wote saba bila kuona tatizo hata moja, na kila mmoja wao ataapa kwamba risasi ile ni ya kuaminika. Fanya iwe mbaya zaidi, ishindwe mara moja katika kila tano: bado mmoja kati ya watano atapiga saba salama. Wala hawasemi uongo. Waliyoyaona ndiyo waliyoyaona. Idadi ndiyo ndogo.

Kuna kanuni rahisi ya takwimu kwa hali hii. Ukiwa na majaribio kadhaa bila kushindwa hata mara moja, gawa 3 kwa idadi ya majaribio. Hicho ndicho kiwango cha juu cha kushindwa ambacho huwezi bado kukikataa kwa uhakika wa asilimia 95. Majaribio 30 safi yanakuachia mpaka wa asilimia 10 hivi. Majaribio 60 safi, asilimia 5. Kwa idadi ndogo kama saba hesabu kamili inatoa asilimia 35. Yaani ushahidi wa rafiki yako, pamoja na ukweli wake wote, hauzuii uwezekano kwamba risasi ile inashindwa mara moja katika kila tatu.

Ubaya ni kwamba hesabu hiyo inadhani majaribio yote yanafanana. Swala watano waliopigwa ubavuni na nyumbu wawili waliosimama kwa ubavu si majaribio saba ya nyati anayekutazama uso kwa uso. Kwa nyati, huenda rafiki yako hana jaribio hata moja.

Lakini hesabu hiyohiyo inakulinda upande wa pili. Pofu wako mmoja hathibitishi kwamba risasi yako ni takataka. Tofauti ni kwamba kwako tunao utaratibu unaojieleza: tunajua kwa nini ilivunjika, na tunajua itavunjika tena ukiirudisha katika hali ileile. Tukio moja lenye sababu inayoeleweka lina uzito kuliko matukio saba mema ambayo hakuna aliyeyachunguza. Kama ungekuta tu kwamba mnyama alikimbia, bila ile kazi ya kuchuna na kutazama, usingekuwa na kitu cha kuniandikia.

Mkebe wa uyoga sasa. Jiulize vichwa vile vimetoka wapi. Vimetoka ndani ya wanyama waliopatikana, na ni vile tu ambavyo havikutokea upande wa pili. Vilivyopita moja kwa moja, ambavyo pengine ndivyo vilivyofanya kazi nzuri kuliko vyote, viko ardhini mahali pasipojulikana. Na vilivyoshindwa kabisa viko ndani ya wanyama ambao hawakupatikana. Mkebe umechujwa mara mbili kabla hujauona. Kisha ukiongeza kwamba mtu huhifadhi kile kilicho kizuri na kutupa kile kilichochakaa, unabaki na mkusanyo unaopendeza macho na kusema machache. Simlaumu mwenye mkebe. Hata mimi ninao wangu. Siku hizi nimeweka humo na magamba matupu, kila moja na karatasi yake inayoeleza umbali na pembe, na hayo magamba ndiyo yaliyonifundisha zaidi.

Kuna kipimo kingine ambacho hukukitaja lakini utakisikia: "alianguka papo hapo." Mnyama huanguka papo hapo pale uti wa mgongo au ubongo unapoguswa, au unapotikiswa kwa karibu. Aliyepigwa moyo bado ana oksijeni ubongoni ya kumtosha sekunde 10 hadi 15, na kwa sekunde hizo anaweza kukimbia mita mia. Hilo halina uhusiano mkubwa na ubora wa risasi. Zaidi ya hayo, mnyama aliyeanguka ghafla kwa risasi iliyopita juu kidogo karibu na uti anaweza kuamka baada ya dakika moja na kutoweka. Kwa hiyo, yule aliyekimbia hatua sitini akalala, mapafu yote mawili yamechanika, njia imenyooka, ndiye risasi yake ilifanya kazi. Watu wengi wangemhesabu kama kasoro.

Basi ushahidi unaofaa ni upi? Kuna wa maabara na kuna wa porini, na kila mmoja unaziba tundu la mwenzake.

Wa maabara ni jeli. Daktari wa upasuaji wa jeshi la Marekani, Martin Fackler, alionyesha miaka ya 1980 kwamba jeli yenye asilimia 10 ya jelatini ikipozwa hadi nyuzi 4 za Selsiasi inaiga vizuri kina cha kupenya na umbo la jeraha kwenye misuli ya nguruwe. Jeli hiyo huhakikiwa kwanza kwa kipira cha chuma cha milimita 4.5 kinachorushwa kwa mita 180 hivi kwa sekunde, ambacho kinatakiwa kuingia karibu sentimita 8.5. Ukiona jaribio la jeli lisilotaja uhakiki wa namna hiyo, chukulia kama picha nzuri tu. Faida yake ni kwamba unaweza kurudia risasi kumi kwa kasi ileile na kuona kama zote kumi zinafanana. Hapo ndipo uaminifu unapoonekana: tazama ile mbaya kuliko zote katika kumi, usitazame ile nzuri iliyopigwa picha. Upungufu wake unaujua: jeli haina ngozi yenye tope, haina mbavu, haina mfupa wa bega, wala haina tumbo lililojaa majani mabichi, ambalo husimamisha risasi kuliko watu wanavyodhani.

Wewe mwenyewe huna maabara, na huihitaji. Madumu ya maji yaliyopangwa mstari, au marundo ya karatasi zilizolowekwa usiku kucha, yanatosha kwa jambo moja muhimu: kulinganisha. Piga risasi unayoifikiria, kisha piga na nyingine ambayo tabia yake tayari unaijua, kwa siku moja na umbali mmoja. Maji huvifungua vichwa kwa ukali, kwa hiyo ni jaribio zuri la kuvunjika. Weka ubao mgumu au mfupa mkavu mbele uone kama njia inapinda. Usitumie mchanga wala ubao mtupu kama kipimo cha kufunguka. Mchanga huharibu kila kitu, na ubao huweza kuziba tundu la ncha kichwa kisifunguke kabisa. Na kabla ya yote hakikisha nyuma ya shabaha kuna tuta la udongo linaloweza kuzuia kila kitu, maana vipande hurukia mahali usipotarajia.

Wa porini ni daftari. Kwa kila mnyama, wako au wa mwenzako, aliyepatikana kwa urahisi au kwa tabu, andika umbali, pembe, mahali kichwa kilipoingia, mifupa iliyoguswa, viungo vilivyochanika na kwa upana gani, kama kilitoka na tundu la kutokea likoje, na mnyama alikwenda hatua ngapi. Kilichopatikana kipime uzito. Andika zaidi wale ambao risasi ilipita, kwa sababu hao ndio watu huwaacha. Na andika waliopotea, hata kama inauma. Daftari lako peke yako halitafika wanyama 30 wa aina moja kwa miaka mingi, kwa hiyo unganisha na ya wengine. Wachunaji na wafuata nyayo wanaofanya kazi msimu mzima wana maarifa haya kuliko sisi tunaofyatua. Mchunaji mmoja huona kwa msimu miili mingi kuliko mwindaji wa kawaida anavyoona kwa miaka kumi, na hana risasi ya kutetea. Usimuulize ipi ni nzuri. Muulize ni ipi amewahi kuikuta imevunjika, na imevunjikia wapi.

Sasa nyati wako. Kwa .375 Holland & Holland, iliyoanza mwaka 1912 na ambayo kichwa chake cha greini 300 hutoka kwa karibu mita 770 kwa sekunde, uko mahali pazuri. Kasi hiyo ya wastani ni rafiki yako: haikivunji kichwa kama magnum ya kasi kubwa. Nchi nyingi zinaweka kaliba hiyo, au iliyo karibu nayo, kuwa ya chini kabisa kwa wanyama hatari, na sioni sababu ya kubishana nazo.

Kwa risasi ya kwanza ningechagua kichwa kinachofunguka lakini kilichojengwa kwa nguvu: ama kilichounganishwa, ama chenye ukuta katikati kikiwa kimeunganishwa, ama cha shaba tupu. Kilichounganishwa hufunguka kwa kasi za chini zaidi, na mara nyingi hakileti usumbufu katika bunduki za zamani. Cha shaba tupu huingia kina kirefu na kunyooka, lakini shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha uzito uleule huwa kirefu zaidi na kinataka mifereji ya mtutu inayokizungusha vya kutosha. Tena hakipendi kasi ndogo. Vingi vinataka kugonga kwa mita 550 hadi 600 kwa sekunde au zaidi ndipo vifunguke vizuri. Kwa nyati wa mita 50 hilo si tatizo. Cha shaba kina heri nyingine, hakiachi vipande vya sumu nyamani. Picha za eksirei za nyama ya mawindo zimeonyesha mara nyingi chembe za madini ya risasi mbali na njia ya jeraha, na ulipoona vipande vile begani kwa pofu uliona vikubwa tu. Kama familia yako inakula nyama hiyo, hasa watoto, mimi ningelipa uzito jambo hilo.

Risasi za kufuatia ziwe solidi, yaani zisizofunguka, na zenye ncha bapa. Ncha ya duara huelekea kupinda njia ndani ya mwili. Ncha bapa hunyooka zaidi. Nyati akishajeruhiwa mara nyingi unabaki na mgongo unaokimbia, na kutoka nyuma hadi kwenye mapafu kuna tumbo zima la majani. Lakini solidi hupita mwilini na kuendelea, kwa hiyo usiifyatue ikiwa kuna nyati mwingine nyuma yake.

Kabla ya safari piga aina zote mbili kwenye karatasi. Usidhani zitaangukia mahali pamoja; wakati mwingine hutofautiana kwa sentimita kadhaa hata kwa mita 50. Tundu liwe duara. Likiwa la mviringo mrefu, kichwa hakijatulia hewani na hakitatulia ndani ya nyati. Kisha jaza magazini na ulishe risasi zote kwa haraka, mara nyingi, ukiwa kwenye uwanja salama wa shabaha. Baadhi ya bunduki hukwama na ncha bapa, na risasi isiyoingia chemba imeshindwa kabla ya yote tuliyozungumza.

Hapo ndipo msaada wa maandishi yangu unapokoma. Kama bolti inakuwa nzito kuinua baada ya kufyatua, kama fataki (kile kidude cha kuwashia baruti kilicho kwenye kitako cha risasi) imebapa au ganda limepasuka, acha kupiga siku hiyohiyo na umpelekee fundi bunduki bunduki na risasi zenyewe. Usijaribu "moja zaidi" uone. Kama risasi zako tano kwa mita 50, ukiwa umesimama au umeegemeza bunduki kwenye fimbo tatu, hazikai ndani ya upana wa kiganja, tafuta mwalimu wa shabaha akutazame kwa macho unavyovuta, maana kosa hilo halionekani kwenye barua. Na kwa nyati, usiende bila mwindaji bingwa aliyewahi kuwafuata waliojeruhiwa. Akikwambia subiri nusu saa kabla ya kuingia kichakani, subiri. Akikwambia pembe haifai, usipige, hata kama una risasi bora kuliko zote. Hakuna kichwa cha risasi kinachosahihisha pembe mbaya.

Mwombe pia, kabla hamjatoka, akuonyeshe juu ya mzoga au mchoro moyo wa nyati ulipo. Uko chini na mbele kuliko unavyodhani, katikati ya miguu ya mbele, kiasi cha theluthi ya kifua kutoka chini. Ukizoea kulenga nyuma ya bega, kwa nyati utajikuta umepiga ncha za mapafu za nyuma, kisha utailaumu risasi bure.

Ukirudi niandikie, na uniambie kichwa kiliingia wapi, kilipita kwenye nini, na kilikutwa wapi. Kama kilitokea upande wa pili na hakikuonekana, nipimie tundu la kutokea.